Redio ya valvu ya babu inanguruma: nibadilishe kapasita za pawa sapulai tu au zote?

Mngamiani_21

Wakuu habari za jioni, mlionizidi umri shikamooni.

Nimekabidhiwa redio ya marehemu babu, ile ya mbao, kioo kirefu kimeandikwa Hilversum, Luxembourg, Roma na miji mingine huko Ulaya, jina la kampuni limeshafutika kabisa. Imekaa miaka juu ya kabati hapa Ngamiani, Tanga, imefunikwa kitambaa. Bibi anataka iongee tu, hana makuu.

Nimefungua nyuma. Valvu nilizosoma ni ECC85, ECH81, EF89, EABC80, EL84, EZ80 na ile ya jicho la kijani EM80. Kuna transfoma kubwa pembeni na kopo la bati limeandikwa 50+50 µF 350V, chini yake 4/58 ambayo nadhani ndo tarehe. Chini ya chasisi (lile bati linaloshikilia vifaa vyote) kuna kapasita nyingi za rangi ya kahawia, nyingine zimejaa nta imeyeyuka ikashika vumbi, mende nao waliweka makazi humo.

Nimeiwasha. Valvu zote zinawaka, jicho linawaka kwa mbali, sauti ya stesheni inakuja kwa chini lakini juu yake kuna mngurumo mzitooo, na huo mngurumo ukipunguza sauti haupungui, uko palepale. Baada ya muda kidogo nikasikia harufu ya joto nikachomoa.

Fundi mmoja wa TV hapa mtaani kasema hilo kopo, ambalo ndo kapasita za pawa sapulai, limekufa, atoe kapasita ya 220 µF kwenye bodi ya TV mbovu aweke, kazi imeisha. Mi sipingi ila moyo unasita. Je hiyo 220 ni sawa wakati ya zamani ni 50? Na je nibadilishe hilo kopo peke yake au na zile za kahawia pia? Maana nikizihesabu naona kama nabadilisha redio nzima.

---

jombi_wa_makorora

Weka 220 mkuu, kapasita ikiwa kubwa ndo umeme unakuwa laini zaidi, ngurumo inakata fasta. Cha kuangalia ni volti tu, isiwe chini ya 350. Mi kwenye amplifaya zangu nafunga mpaka 10,000 na zinapiga safi.

---

FundiWaChuda

Jombi hapana, hapana, usimwingize mwenzio chaka. Amplifaya yako ina daiodi za siliconi, hii ina EZ80, valvu ya kukunja umeme wa AC uwe wa mnyoofu (DC). Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mngamiani soma taratibu. Kwanza usiiwashe tena hiyo redio. Harufu ya joto kwenye redio ya umri huo ina maana kuna kitu kinavuta umeme kuliko inavyotakiwa, na ukiendelea kitakachoungua ni transfoma, na transfoma ya hiyo redio hukuti dukani, labda ukaisukishe upya.

Sasa hiyo habari ya mngurumo. Umesema mwenyewe ukipunguza sauti haupungui, hiyo dalili imekusaidia sana. Maana yake ngurumo haipiti kwenye kitufe cha sauti, inaingia baada ya hapo, kwenye umeme wa valvu ya mwisho EL84. EZ80 ina anodi mbili (bati za ndani zinazopokea elektroni), inakunja pande zote mbili za wimbi la umeme wa hapa kwetu wa hezi 50, kwa hiyo unapata mipigo 100 kwa sekunde, na kazi ya kapasita ya kwanza ni kujaa kila mpigo unapokuja na kuishikilia volti mpaka mpigo mwingine. Redio ya aina hiyo inakula kama miliampea 60 kwenye volti ya juu. Ukipiga hesabu, 60 mA kwenye 50 µF kwa mipigo 100 unapata volti kama 12 za kupanda na kushuka, na kiuhalisia inakuwa pungufu kidogo ya hapo. Redio ilisanifiwa kuvumilia hiyo. Ikikauka ikabaki na uwezo wa 5 µF, hizo volti 12 zinazidi mara kumi kwenye karatasi, ndo huo mzigo wa ngurumo unaousikia.

Kwa nini zinakauka? Ndani kuna karatasi ya alumini imepakwa utando mwembamba sana wa oksaidi na kuna maji ya kemikali. Maji yanakauka polepole kupitia mpira wa chini, na utando unaharibika redio ikikaa bila umeme miaka. Tanga hapa joto na chumvi ya bahari havisaidii, pini zinaota kutu, mpira unapasuka. Kuna watu wanakwambia unaweza kuifufua kwa kuipa volti kidogo kidogo kutwa nzima kupitia resista, ni kweli inawezekana kwa kapasita iliyolala tu, ila ya 1958 ikishakauka imekauka, hata ukiifufua leo huna uhakika nayo kesho, na ikipasuka au ikipiga shoti inaondoka na EZ80.

Turudi kwenye 220. EZ80 inaruhusiwa kapasita ya kwanza isiyozidi 50 µF na mkondo usiozidi 90 mA. Hizo sio namba za kutisha watu, ziko kwenye karatasi ya watengenezaji. Kapasita ikiwa kubwa, valvu inalazimika kuijaza kwa pigo fupi na kali, kathodi (sehemu ya ndani inayotoa elektroni) inapigwa na mikondo mikubwa, inamenyeka, cheche zinaruka ndani ya kioo, kwisha habari. Weka 47 µF 450V pale pa kwanza. Pale pa pili, baada ya resista ya kuchuja, unaweza kuweka 47 au hata 68 haidhuru, ila mi ningeweka 47 zote mbili nikalala.

Na hapo pa pili kuna jambo watu hawalijui. Redio nyingi za Ulaya za enzi hizo transfoma ya spika ina kituo cha pembeni kwenye koili ya kwanza, umeme wa redio nzima unapitishwa kwenye kipande cha hiyo koili ili ngurumo iliyobaki ijipige yenyewe kwa yenyewe ipotee. Aliyeisanifu alipima hesabu zake kwa 50 na 50. Ukija wewe na 220 unaharibu mizani, unaweza kukuta ngurumo haijaisha kama ulivyotegemea ukabaki unajiuliza.

Volti kwa nini 450 na sio 350 kama ya zamani? Leo umeme wa ukutani unazidi ule wa 220 redio ilitengenezewa, na kama upande wa pili wa transfoma una volti 250, kilele chake ni 250 mara 1.41, tayari una 353 kabla mzigo haujaanza kuvuta. Tafuta ya digrii 105, sio 85, chini ya chasisi kuna joto.

---

BintiPangani

Asalaam aleykum. Fundi wa Chuda kasema kweli ila wote mnaangalia kopo na mnasahau muuaji mwenyewe. Harufu ya joto aliyosikia Mngamiani mimi silaumu kopo peke yake.

Kaka Mngamiani, tafuta kapasita inayotoka anodi ya EABC80, valvu ya sauti iliyo kabla ya EL84, kwenda gridi ya EL84 (waya wa ndani unaoongoza mkondo wa valvu). Itakuwa kati ya 10,000 na 22,000 pF, hizo za kahawia. Upande mmoja ina volti kama mia hivi au chini, upande wa pili inatakiwa iwe sifuri. Ikivuja hata kidogo gridi inapata volti chanya, EL84 inafunguka inavuta mkondo kupita kiasi, anodi inakuwa nyekundu, transfoma ya spika na ya umeme zote zinachemka. Redio itakuwa inaongea vizuri tu huku inajiua. Hii kapasita ukinambia nichague moja tu ya kubadilisha kwenye redio nzima, nabadilisha hii kabla hata ya kopo.

Mi kila redio inayokuja mezani hii naitoa bila kuipima, inaenda kwenye ndoo. Weka ya filamu, 630V, ya thamani ileile. Hizi mpya hazina alama ya chanya na hasi, geuza unavyotaka.

Ukitaka kuhakikisha, lakini ni BAADA ya kubadilisha kapasita mbili kubwa sio kabla, chomoa EL84, washa, pima pini namba 2 kwenye soketi yake hadi chasisi. Ukiona volti chanya wakati valvu haipo, basi kapasita inavuja maana hakuna mwingine wa kulaumiwa. Nasema baada ya kubadilisha kwa sababu EL84 ikitoka mzigo unapungua na volti zinapanda, kopo lako la 350 lenye zaidi ya miaka 60 halitazipenda hizo volti.

---

Mngamiani_21

Dada nashukuru sana, na wewe fundi, hii ni darasa.

Maswali mawili. Kopo lina miguu mitatu chini, mmoja una alama nyekundu, mmoja hauna kitu, wa tatu ni bati lenyewe. Lakini bati halijagusa chasisi, kuna kama washa ya karatasi ngumu imewekwa katikati na waya mweusi unatoka kwenye bati unaenda kwenye resista ndogo ndo inaenda chasisi. Je hiyo washa ni ya urembo? Naweza kufunga hasi ya kapasita mpya moja kwa moja kwenye chasisi?

La pili, natoaje umeme uliobaki ndani? Rafiki yangu kasema nigusishe na bisibisi tu pwaa.

---

mzee_wa_mawimbi

Wa aleyka salaam binti. Mngamiani marahaba, umeangalia kwa jicho zuri, usiiguse hiyo washa.

Hiyo resista ndogo ni mtego uliowanasa wengi. Mkondo wote wa redio unarudi kwenye transfoma kupitia hapo, kwa hiyo bati la kopo linakuwa na volti chache za hasi ukilinganisha na chasisi. Hizo volti za hasi ndo zinatumika kuituliza gridi ya EL84, na mara nyingine zile valvu za mbele nazo. Ukifunga hasi ya kapasita mpya kwenye chasisi unaharibu mambo mawili, ngurumo itaingia kwenye hiyo laini ya hasi, na volti ya kutuliza inayumba. Kanuni yangu ni nyepesi, waya ulipotoka ndipo urudi. Hasi ya zamani ilikuwa kwenye bati, hasi za kapasita zote mbili mpya ziende pale pale ulipokuwa waya mweusi, nyuma ya resista, sio chasisi.

Ila angalia kitu, kama pini 3 ya EL84 imeunganishwa chasisi moja kwa moja basi ni kama nilivyosema. Kama pini 3 ina resista yake ya ohmu 130 hadi 200 hivi na kapasita ndogo ya umeme mdogo pembeni yake, mara nyingi 50 au 100 µF ya volti 12 au 25, basi valvu inajituliza yenyewe hapo, na ile resista nyingine ni kwa ajili ya valvu za mbele tu. Hiyo kapasita ndogo nayo badilisha, ni ya jamii ileile ya kukauka, ikifa sauti inakuwa nyembamba haina besi.

Kujua mguu upi wa kwanza na upi wa pili usiiamini alama nyekundu, fuata waya. Unaokwenda kwenye kathodi ya EZ80, pini namba 3, ndo wa kwanza.

Bisibisi hapana. Utaunguza ncha, utaruka, na ukiruka kiwiko kinagonga valvu. Chukua resista ya 10k wati 5, ifunge waya mbili zenye klipu, weka kwenye chanya na hasi hesabu mpaka kumi, halafu PIMA na mita kabla hujaingiza kidole. Mkono mmoja mfukoni. Umeme wa mnyoofu wa volti 300 sio wa mchezo.

Na redio ya 4/58 hiyo ni ya zama za Tanganyika Broadcasting Corporation, iliyoanza 1956 baada ya Sauti ya Dar es Salaam ya 1951. Radio Tanzania jina lilikuja 1965. Babu yako alikuwa mtu wa maana, redio kama hiyo hakuna mtu wa kawaida shambani kwenye mkonge alikuwa nayo, watu walikuwa wanajaa barazani kwa mwenye nayo.

Kwa heshima ya hiyo redio nakuomba kopo usilitupe. Fungua kwa msumeno mwembamba chini karibu na ukingo, toa matumbo yake, ingiza kapasita mbili mpya humo ndani, waya zitokee kwenye miguu ileile, rudishia kwa gundi. Kwa juu hakuna atakayejua. Vaa glovu na miwani, yale matumbo yana majimaji yanayowasha ngozi, na usifanyie juu ya meza ya chakula. Ukiona kazi ni nyingi, basi liache kopo lisimame pambo, ila kata waya zake ZOTE, funga mpya chini ya chasisi. Usiunganishe mpya sambamba na ya zamani ukaiacha humo, ya zamani ikivuja itakuwa inavuja vilevile.

---

jombi_wa_makorora

Duh kumbe. Haya nimejifunza. Ila si mngesema tu atoe EZ80 aweke daiodi mbili za 1N4007, mambo ya valvu ya kukunja umeme yaishe?

---

FundiWaChuda

Jombi bana. Inawezekana, lakini EZ80 inapoteza volti kidogo njiani na daiodi haipotezi, kwa hiyo volti zitapanda mpaka uongeze resista ya kuzishusha. Halafu EZ80 inapasha moto polepole pamoja na wenzake, daiodi inarusha volti yote papo hapo wakati valvu nyingine bado baridi, hakuna anayevuta, kapasita zinakaa kwenye kilele. Kama EZ80 yake nzima, iache ifanye kazi yake.

Wale wenye redio za Kijerumani zenye kibati cha mapezi badala ya EZ80, kile cha seleniamu, hao ndo ningewaambia waweke daiodi, pamoja na hiyo resista. Seleniamu ikiungua inanuka vibaya ajabu na ule moshi ni sumu, ukiusikia chomoa toka nje.

---

kaka_horohoro

Kuhusu vifaa maana hamjagusa. 47/450 Kariakoo zipo nyingi, na ukivuka Horohoro hapa ukaenda Mombasa unazipata pia, wauzaji wa spea za inveta na friji wanazo. Za filamu za 630V ndo kidogo za kutafuta, uliza "kapasita ya 0.01 ya 630" au 0.022, ukitaja pF elfu kumi kijana wa dukani anakushangaa.

Angalia feki. Kuna zile ukizichana ndani unakuta kakapasita kadogo kamevalishwa koti la kapasita kubwa. Nenda na mita inayopima µF, pima kila moja mbele ya muuzaji, ya 47 ikisoma 22 rudisha. Nyepesi kupita kiasi pia sio nzuri. Ila mita haikwambii kama inahimili volti, kwa hiyo nunua kwa mtu unayemjua.

Zile za bodi za TV bapa ni 450V kweli, nyingi ni 82 au 100 au 120, ni nzuri ila kwa EZ80 ni kubwa kama alivyosema fundi, na zimeshatumika. Za pawa sapulai za kompyuta za zamani ni 200V, usizisogeze kabisa.

Kitu kingine cha lazima ni balbu. Unafunga balbu ya waya wa kuwaka, sio ya LED, kwenye laini moja ya umeme kabla ya redio, mfululizo. Wati 60 au 100. Ukiwasha inawaka kidogo kisha inafifia, uko salama. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, kuna shoti ndani, zima, hakuna kilichoungua zaidi ya moyo wako. Balbu hizi madukani zimepotea lakini nenda duka la pembejeo na chakula cha kuku, zile za kulelea vifaranga ndo hizo hizo.

---

Salha_Pongwe

Samahani naingilia mada. Na mimi nina ndogo ya plastiki ya bibi yangu, haina transfoma, valvu ni UCH81, UF89, UABC80, UL84, UY85. Inanguruma hivo hivo. Maelezo haya naweza kuyafuata na mimi?

---

FundiWaChuda

Dada Salha, kapasita zinabadilishwa vilevile lakini SIMAMA hapo kwanza. Herufi U mwanzoni maana yake nyuzi za moto za valvu zote zimefungwa mfululizo, 100 mA, moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani. Hakuna transfoma ya kukutenga. Chasisi ya redio yako imeungana na waya mmoja wa plagi. Ukichomeka upande mmoja chasisi ni nyutro, ukigeuza plagi chasisi ni laini, yani bati zima lina volti 230. Hata skrubu ya kitufe iliyotokeza inakuua.

Bila transfoma ya kutenganisha, ile yenye 230 kuingia na 230 kutoka, usiifungue ikiwa na umeme. Stabilaiza sio transfoma ya kutenganisha, na variaki (ile ya kuzungusha kupandisha na kushusha volti) vilevile sio, watu wanachanganya. Balbu ya vifaranga nayo haikutengi na umeme, inapunguza mkondo tu. Na usithubutu kuifungia waya wa ethi kwenye chasisi.

Kwako badilisha pia kapasita inayotoka antena kwenda ndani, hiyo ndo pekee inayozuia waya wa antena usiwe na umeme wa ukutani. Iwe ya usalama, imeandikwa Y2. Kapasita ya kawaida ya filamu ikifa inaweza kufa kwa shoti, hizi za Y2 zimetengenezwa zikifa zikatike. Fungua mada yako dada, weka picha, tutakwenda pole pole.

---

BintiPangani

Naongezea hapo hapo, hata kwenye ya Mngamiani yenye transfoma kuna kapasita pale unapoingia umeme, kutoka waya wa plagi kwenda chasisi au kati ya waya mbili. Ya waya na waya weka X2, nayo ni ya usalama, ya waya na chasisi weka Y2. Ukikuta ya zamani imepasuka, kata tu, redio itafanya kazi bila hiyo, utasikia kelele za chaja za simu kidogo.

Na kuhusu swali la mwanzo la "zote au": za karatasi na nta, na zile za kahawia zilizopasuka, zote badilisha, moja baada ya nyingine, unatoa moja unaweka moja, washa kidogo sikiliza, endelea. Using'oe zote kwa mpigo halafu ukaanza kukumbuka ipi ilikuwa wapi. Za kauri na za maika ACHA, hazizeeki kihivyo. Na zilizo ndani ya vikopo vya koili za alumini usiziguse hata kwa pumzi, hapo ukisogeza kitu stesheni zote zinahama.

---

Mngamiani_21

Wakuu mrejesho.

Nimefanya kama mlivyosema. Kopo nimelipasua kama alivyoelekeza mzee, ndani kulikuwa na kitu kikavu kabisa kinavunjika kama bisi, nimeingiza 47 mbili za 450. Hasi nimerudisha nyuma ya resista. Pini 3 ya EL84 ina resista yake ya 150 na kakapasita kadogo, nako nimebadilisha.

Kwa balbu ya vifaranga imewaka ikafifia vizuri. Nikatoa balbu, nikachomoa EL84 nikapima pini 2, mita ikasoma volti 6 chanya! Dada ulikuwa sahihi. Nimeweka 0.01 ya 630, sasa inasoma sifuri.

Vipimo na EL84 ikiwa ndani: kapasita ya kwanza volti 268, ya pili 243. Kwenye rinji ya AC ya kwanza inasoma 3 na pointi, ya pili 0.1. Pini 3 ya EL84 ni 6.9. Ngurumo imeisha, ukiweka sikio kwenye spika kabisa ndo unasikia kwa mbali sana. Haya mnasemaje, niko salama?

---

FundiWaChuda

Maashallah. 6.9 kwa 150 ni 46 mA, ukitoa sehemu ya gridi ya pili anodi inabaki na kama 40, mara volti 250 hivi ni wati 10. EL84 mwisho wake 12. Uko vizuri. Tofauti ya 268 na 243 ni 25, soma resista ya kuchuja kati yake, kama ni 1k basi 25 mA zinapita hapo na mahesabu yanakubaliana.

Jicho la kijani kubaki hafifu ni kawaida, EM80 zinachoka uso, sio kapasita. Na bendi ya FM mwambie bibi inaweza kuishia 100 kwenye kioo, stesheni za juu ya hapo hazipati, redio haina kosa.

---

BintiPangani

Kaka, kimebaki kimoja. Nyuma ya redio kuna kibati cha kuchagua volti, 110, 127, 220, 245. Nina hakika kiko 220. Pima umeme wako wa nyumbani usiku, wakati watu wamezima mapasi na majiko. Ukiona 240 kwenye kibati cha 220, nyuzi za moto zinapata 6.9 badala ya 6.3, uko ukingoni mwa asilimia kumi zinazovumilika, na volti za juu nazo zimepanda kwa kiwango hicho hicho. Sogeza 245, utapata kama 6.2, haina shida, pima tena pini 3 itakuwa imeshuka kidogo. Na fyuzi angalia, mtu anaweza kuwa aliweka waya wa shaba humo, weka ya kuchelewa ya thamani iliyoandikwa pembeni yake.

---

Mngamiani_21

Iko 220 kweli, na fyuzi ni waya 😂 nasogeza sasa hivi, fyuzi kesho dukani, mpaka nipate haiwashwi. Mzee wa mawimbi picha ya kopo lako naweka hapa chini, nionyeshe mtu atakayejua limefunguliwa.

---

mzee_wa_mawimbi

Mimi nimejua, gundi imetokeza upande wa kushoto 😄 ikwangue na wembe kabla haijakauka. Kazi nzuri mjukuu wangu.